Mchwa wa Kamusi ya Baba Yako

Soko la Kabati, Kitui, Jumapili, saa kumi jioni

Mwende mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na jinsi ninavyomjua yule mama, hatakuachilia kabla ya chai ya pili. Kwa hivyo nina muda. Nimefunga mlango wa duka, nimekaa kwenye kreti ya soda nyuma ya kaunta, na nimechukua daftari jipya kwenye rafu bila kumuuliza mwenye duka, kwa kuwa mwenye duka ni mimi. Kuna mtu anagonga dirishani akitaka chumvi. Mwache agonge.

Mambo ya blanketi na sabuni na kuvaa sweta huko kwenye baridi sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, si naenda tu chuo, siendi vita." Ninayotaka kuandika ni yale ambayo sikuyasema wiki hii, wala mwaka huu, wala miaka kumi na mmoja iliyopita.

Naandika kwa Kiswahili. Kikamba changu ni cha kugombana na wateja na cha kuimba kanisani, na kila nikijaribu kusema jambo hili kwa Kikamba nasikia sauti yangu ikianza kujitetea. Kiswahili cha kuandika nilikipata nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru, na mwalimu alikuwa baba yako. Tayari alikuwa mume wangu, mimi nina mimba yako, nimekaa benchi la nyuma nimenuna kwa sababu alikuwa akinisahihisha mbele ya wanawake wengine. Hata hivyo kila herufi unayoiona hapa ni yeye aliyenishika mkono nikaiandika. Ukumbuke hilo unaposoma yanayofuata, maana mimi nimelikumbuka kila siku.

Alhamisi tulipokuwa tukipanga sanduku lako uliniuliza, "Mama, na kama mimi pia nitafeli Kigiriki kama baba?" Nikakuambia unipe kamba nifunge. Ulidhani nimekasirika, ukanyamaza mpaka chakula cha jioni. Sikuwa nimekasirika. Niliogopa, kwa sababu swali lako lina jibu, na jibu lenyewe ni mimi.

Vitabu vyake vya Kigiriki unavijua, vimo ndani ya hilo sanduku. Lakini hujui vilivyokuwa vikiwa vizima. Vilikuwa vitatu. Kuna kile chembamba cha masomo, chenye mazoezi mwisho wa kila somo na majibu huko nyuma, ambayo baba yako aliyashona kwa uzi ili asishawishike kuchungulia. Kuna kile cha sarufi, chenye majedwali ya maneno yanayobadilika mikia. Na kuna kamusi, kubwa, yenye karatasi nyembamba ajabu, ukiinua ukurasa unaona vidole vyako upande wa pili. Alipewa na mzungu mmoja mzee wa misheni aliyekuwa akirudi kwao kupumzika. Wengine waliachiwa viti na vyombo. Baba yako aliachiwa sanduku la Kigiriki cha kale, akalileta nyumbani kwa baiskeli huku akiimba.

Shida ni kwamba vitabu vyote vilieleza Kigiriki kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba yako kilikuwa cha darasa la nane la zamani. Kwa hivyo pembeni aliweka kamusi nyingine ndogo, ya Kiingereza na Kiswahili. Neno moja lilitoka Kigiriki, likapita kwenye Kiingereza, likashukia kwenye Kiswahili, kisha yeye akalisema kwa Kikamba kwa sauti ili aone kama linaeleweka. Safari ya neno moja ingeweza kumaliza asubuhi nzima, na chai yake ikapoa ikaingia inzi. Alikuwa akikamua mbuzi huku akikariri: luo, lueis, luei. Aliniambia maana yake ni kufungua, kama vile unavyomfungua mbuzi kamba. Wewe na watoto wa jirani mlikuwa mkirukia kamba maneno hayo hayo, luomen, luete, luousi, na mama mmoja akaniuliza kama ni wimbo wa shule.

Hakusoma kwa kujifurahisha. Alikuwa mwinjilisti, na unajua kanisani kwetu mwinjilisti anahubiri, anazika, anatembelea wagonjwa kwa baiskeli mpaka tairi linaisha, lakini habatizi wala hagawi meza ya Bwana. Hayo ni ya mchungaji. Wazee wa kanisa walikuwa wamesema mwinjilisti atakayepita karatasi ya Kigiriki ataingia darasa la wachungaji. Mtihani ulikuwa wa kutafsiri kifungu cha Maandiko, na mtu aliruhusiwa kuingia na kamusi. Sikia hilo vizuri, Mwende. Aliruhusiwa kuingia na kamusi.

Sasa tufike mwaka wa mahindi ya manjano. Ulikuwa na miaka minane. Mvua ilikuwa imetupita misimu miwili na duka hili lilikuwa na chumvi, viberiti, majani ya chai na ugoro, basi. Hata karatasi za kufungia zilikuwa zimeisha. Siku hizo hakukuwa na mifuko ya nailoni kama sasa. Mtu akitaka chumvi nilimsokotea kipande cha gazeti, nikakunja ncha, akaenda. Bila karatasi duka limefungwa, kwa sababu hakuna anayetembea na ugoro kwenye kiganja.

Siku moja baba yako alikuwa na safari ya Kitui mjini. Nilimtuma mambo mawili. Apange foleni kwenye ghala achukue mahindi yetu ya msaada, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kijiji chetu, na arudi na magazeti ya zamani. Nyumbani tulikuwa tumebaki na unga wa wimbi wa kupika uji mwepesi, ule ambao ukitazama kikombe unaona chini.

Alirudi jua likizama. Baiskeli haikuwa na gunia wala gazeti. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa! Alikuwa amempata padre mmoja anayejua Kigiriki, wameketi kivulini, na padre amemfungulia fundo lililomshinda tangu Krismasi. Alianza kunieleza kabla hajashuka vizuri.

"Na mahindi?" nikamuuliza.

"Nilifika foleni imeisha. Nitaenda kesho."

"Kesho ni ya watu wa ng'ambo ya mto."

Akaiegemeza baiskeli ukutani. "Mungu atatoa, Mama Mwende."

"Mungu ametoa. Wewe ndiye hukuenda kuchukua."

Kisha nikasema mengine, mengi, unanijua. Nilisema vile vitabu ni mke wa pili, na kwamba huyo mke wa pili hata kuchota maji hajui. Na yeye, akiwa amechoka, amepiga baiskeli juani siku nzima, akasema polepole, bila hasira yoyote, "Wewe haya mambo huwezi kuelewa."

Angenitukana ningemrudishia, tungelala, asubuhi hasira imepita. Lakini huyo ndiye aliyeniambia kwenye benchi la nyuma kwamba hakuna kitu kilichoandikwa ambacho mimi siwezi kukielewa. Nilimwamini. Sasa alikuwa na chumba kingine ndani ya nyumba yetu na mimi nimeachwa nje ya mlango. Niliumia, Mwende. Sikuambii hivyo unionee huruma. Nakuambia ili ujue nilifanya nikiwa na akili zangu timamu. Watu wangeweza kunitetea kwamba sikujua thamani ya karatasi zile. Nilijua thamani yake kabisa, na ndiyo maana nilizichagua.

Asubuhi yake alipanda baiskeli kwenda Tseikuru, kuhubiri kwa wafugaji wa kule, wiki mbili. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama aliyetaka ugoro wa mumewe. Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikachana ukurasa wa mwisho wa kamusi. Huo wa kwanza niliuchana polepole, kwa vidole viwili. Wa kumi niliuchana huku nikiongea habari za mvua. Karatasi ilikuwa nzuri sana kwa kazi ile, nyembamba lakini ngumu, ugoro hauvuji hata kidogo. Wateja walisifu.

Wewe ulikuwa umekaa juu ya gunia tupu ukinitazama. Ukauliza, "Mama, hiyo si ya baba?" Nikakujibu, "Ni karatasi tu. Baba ako na zingine." Sijui kama unakumbuka. Hujawahi kusema, na mimi sijawahi kukuuliza, kwa kuogopa kwamba unakumbuka.

Baba yako hakuja kugundua nyumbani. Aligundua njiani akirudi, kwa Susu Kanini, yule bibi wa karibu na mto aliyekufa ukiwa darasa la sita. Alipita kumwombea miguu. Baada ya maombi Susu akatoa ugoro wake anuse, na baba yako akaona herufi. Susu alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisema Mwinjilisti aliinama akaisoma ile pakiti ikiwa mkononi mwake, midomo inacheza.

"Mwana wakwa," Susu akamwambia, "kwani hii mbaki yangu iko na jina lako?"

Akamwomba radhi, akamimina ugoro wote kwenye kiganja cha Susu, akaikunjua karatasi na kuiweka kwenye mfuko wa shati. Alifika nyumbani akipiga chafya.

Aliingia chumbani. Nikasikia kifuniko cha sanduku. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilikuwa na maneno tayari, mengi kuliko yake. Kifuniko kikafungwa. Akatoka, akaketi, akaomba uji. Akakuuliza umejifunza nini shuleni, ukamwambia, na akacheka mahali pa kucheka. Nikabaki jikoni nimesimama na maneno yangu yote.

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa. Akasema, "Ndugu zangu, mchwa wameingia kwa sanduku langu ya vitabu. Wametawanya kurasa. Kama kuna mtu amepatana na karatasi iko na maandishi kama haya," akauinua ule ukurasa wa Susu Kanini, "naomba anirudishie."

Kanisa zima lilikuwa limenunua chumvi kwangu wiki hizo mbili. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Wanawake wa kwaya walitazama vitabu vyao vya nyimbo, na mzee wa sadaka akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Wewe peke yako uligeuka ukanitazama, ukafungua mdomo useme, na mimi nikakufinya paja. Nilikufinya kwa nguvu, alama ikabaki siku tatu. Ulifunga mdomo. Katika mambo yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kitabu kilikuwa cha baba yako, lakini ule mdomo ulikuwa wako, na ulikuwa unataka kusema kweli.

Basi kurasa zikaanza kurudi. Hawakuniletea mimi. Walipitia mlango wa nyuma, wakaongea na baba yako kwa sauti ya chini kama watu wa matanga. Moja ilinuka mafuta ya taa. Moja ilikuwa na damu ya kuku. Moja ililetwa na kijana ikiwa nusu, akaeleza kwa haya kwamba ile nusu nyingine aliivuta na tumbaku. Na moja ilikuwa imeshonewa ndani ya kipande cha ngozi, shingoni mwa mtoto mchanga. Mama Kioko alinunua majani ya chai, akaona zile herufi, akaamua hizi ni za nguvu. Mwanawe aliyekuwa akilia kila siku akatulia. Baba yako akaenda kwake mwenyewe.

"Mwinjilisti, hii siwezi kukupea. Mtoto amelala wiki mbili."

"Mama Kioko, hiyo ni orodha ya maneno tu."

"Basi ni maneno mazuri. Ngoja amalize kuota meno, nitakurudishia."

Na alirudisha, miezi baadaye, tena akashukuru. Utauona ukurasa huo, una mikunjo pande zote na shimo dogo la sindano. Baba yako alisimulia habari hiyo akicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka pia, kisha tukakumbuka sote wawili kwa wakati mmoja kwa nini tulikuwa tukicheka, tukaacha.

Alizipiga pasi zote, kwa ile pasi ya makaa, chini ya kitambaa chenye maji. Akazipanga kwa kufuata herufi. Hakuniomba nimsaidie, na mimi sikujitolea. Nilipita na ndoo yangu ya maji nikijifanya ninaharakisha. Thelathini na moja hazikurudi kamwe.

Mtihani ulikuja mwisho wa mwaka. Alikwenda na kamusi yake imefungwa kwa kamba ya katani. Kifungu walichopewa kilikuwa kizuri, alisema, na jinsi sentensi zilivyojengwa aliiona sawasawa. Lakini maneno manne yaliyobeba maana yote yalikuwa kwenye herufi za mwisho, na alipofungua pale akakuta pengo. Akakisia. Alikisia vibaya. Msimamizi alipita, akaitazama kamusi, akamuuliza imekuwaje, naye akasema mchwa.

Alipungukiwa kidogo tu. Nilimwambia arudi mwaka unaofuata, aazime kamusi ya mtu. Akasema mtu akirudi mara ya pili watu wanaanza kumhurumia. Sijui kama hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Nafikiri hakutaka kukifungua tena kile kitabu kwa sababu kila pengo lilikuwa na uso wangu. Baadaye alivitoa kwa ajili yako tu, zile Jumamosi za barazani alipokufundisha herufi zao, alfa na beta, mkichora mchangani kwa kijiti. Ulidhani ni mchezo. Mimi nilikuwa nikipima sukari hapa ndani na kuwasikia, na sikutoka hata siku moja kuketi nanyi.

Kwa hivyo watu walipoanza kusema Mwinjilisti alishindwa Kigiriki kwa kuwa kichwa chake hakikutosha, na nikaona unakua ukiamini hivyo, nilinyamaza. Kichwa kilitosha, Mwende. Kilitosha na kikabaki. Na wewe una kichwa hicho hicho, na uso huo huo wa kung'aa ukielewa jambo, nimeuona. Kama kuna kitu cha kuogopa kukirithi katika nyumba hii, ni ulimi wangu.

Unakumbuka ulivyobatizwa bwawani? Alikuja mchungaji mgeni kutoka Kibwezi, akakuita Mwendwa badala ya Mwende, na baba yako alikuwa pembeni ya maji ameshika taulo lako. Ulipotoka alikufunika, akakuita "mwaitu", yaani mama, kama alivyokuita siku zote kwa kuwa una jina la mama yake. Watu wakaimba. Mimi nilikuwa nyuma ya kwaya nikitazama mikono yake ikikukausha nywele. Yeye ndiye aliyekufundisha kila ulichojibu siku ile, naye alikuwa mshika taulo.

Nilijaribu kusema mara moja. Tulikuwa tukipepeta mbaazi, yeye kwenye kigoda, mimi na ungo. Nikasema, "Baba Mwende, vile vitabu vyako..."

Hakuinua kichwa. "Mchwa, Mama Mwende. Ni mchwa."

Akatabasamu kidogo, kunisaidia. Na mimi nikauchukua ule msaada. Nilipumua, nikaendelea kupepeta, na ndani ya moyo nikashukuru kwamba nimeolewa na mtu mpole. Siku hizi naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya nikiwa na hasira. La pili nililifanya nikiwa nimestarehe. Alinisamehe kabla sijaomba, nikaupokea msamaha bila kutaja nilichofanya, na sasa hayupo nimwambie. Msamaha huo umenikaa kooni. Nimewahi kumkasirikia, kaburini alipo, kwa nini hakunifokea hata mara moja yakaisha.

Na kuna la tatu, na hili hakuna mtu anayelijua. Siku zake za mwisho hospitalini, homa ilipopanda, alianza kukariri. Luo, lueis, luei. Nesi akaniuliza, "Mama, hiyo ni lugha gani anaongea?" Nikasema sijui. Hata hapo, Mwende. Akarudia tena, luo, lueis, luei, akakwama, akatafuta kwa midomo. Mimi nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimekisikia miaka yote ile asubuhi wakati wa kukamua, nilikisikia kwenye kamba yenu ya kuruka, nakijua mpaka leo. Ningesema tu lile neno moja, luomen, angejua kwamba kumbe na mimi nilikuwa chumbani humo wakati wote. Nikaona haya mbele ya nesi. Nikamfuta jasho, nikanyamaza.

Sina mahubiri ya kukupa. Wewe ndiye unakwenda kusomea kuhubiri. Lakini utaishi na watu, na utakasirishwa na watu, wazuri hasa. Ukimkasirikia mtu, mkasirikie yeye, mwambie usoni, mpigie kelele kama mimi. Usiiguse kazi ya mikono yake. Na siku utakapokosea, kutakuwa na mtu anayekupenda atakayetaka kukufunika kwa uongo mdogo. Mshukuru, kisha useme mwenyewe lilivyokuwa. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kufunikwa mpaka akakosa hewa.

Jana ulipokwenda kwa fundi kuchukua sketi yako nilifungua tena sanduku. Nilitoa kamusi, nikaikata ile kamba ya katani, nikaushona mgongo upya kwa sindano ya gunia. Na pale kwenye mapengo nimeshonea karatasi tupu, moja kwa kila iliyopotea, nilizozikata saizi yake kwa kisu cha kukatia sabuni. Ni karatasi za daftari na ni nene, kwa hivyo kamusi haifungiki vizuri sasa, nivumilie mimi fundi wake. Nilitamani kuzijaza mwenyewe, hata bila kuelewa, nikifuata tu mchoro wa herufi, lakini sina pa kuzinakili. Chuo chenu kina maktaba na haitakosa kamusi nzima. Zijaze wewe, kwa mkono wako, taratibu, ukipata nafasi. Anza na huo wa mwisho, maana ndio niliouchana kwanza.

Barua hii naiweka hapo hapo, kwenye karatasi tupu ya kwanza, ili uikute ukiwa mbali na hapa na uwe huru kunikasirikia bila mimi kukupikia kitu. Kasirika unavyotaka. Ukitaka kuniandikia ukiwa na hasira, andika, nitaisoma yote. Ukikaa muda mrefu bila kuandika nitajua pia ni jibu, na nitasubiri.

Jambo moja tu nakuomba. Siku ya kwanza utakapoiweka kamusi hii mezani, wenzako watageuka waitazame, na mwalimu atauliza, kama yule msimamizi alivyouliza. Baba yako alisema mchwa kanisani, akasema mchwa kwenye mtihani, akasema mchwa mbele yangu nikiwa na ungo mkononi. Na wewe nilikufinya ukanyamaza. Sasa nimeuondoa mkono wangu. Wakikuuliza ni mchwa gani waliokula kitabu hiki, fungua mdomo wako, mwaitu, uwaambie ni mama yangu.

Mimi,
Mama yako